Mtende Mmoja, Jerikeni Mbili

Watu wengi wakiizungumzia Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965, huanza na jangwa lenye nyungunyungu warefu kuliko treni. Mimi huanza na dirisha. Bibi Jessica, mama wa kijana Paul ambaye ndiye mhusika mkuu, aliyehamia juzi tu katika sayari kavu ya Arrakis, amesimama dirishani na daktari wa familia. Barabarani watu wanapita, na kila apitaye anaikazia macho mitende iliyopandwa mbele ya jumba. Daktari anampigia hesabu: mtende mmoja hunywa lita 40 kwa siku, mtu anahitaji lita 8, kwa hiyo mtende mmoja ni watu 5. Mitende iko 20. Pale bustanini wamesimama watu 100.

Lita 40 ni jerikeni mbili. Nilipoifikia hesabu hiyo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini, maana jerikeni mbili ndizo zilizokuwa zamu yangu ya asubuhi kabla ya shule, safari mbili za bombani. Hapa Uganda maji ya nyumbani hayahesabiwi kwa lita. Yanahesabiwa kwa ile jerikeni ya njano ya lita 20, hata Kampala kwenyewe, mji wa mvua wenye ziwa mlangoni, mabomba yanapokauka siku mbili tatu. Nilichokuwa nasoma hakikuwa tena habari za sayari ya mbali. Nilikuwa nautazama mti na kuhesabu safari.

Nafundisha Kiswahili Kampala, na utaalamu wangu ni maneno ya mkopo, hasa yale ya Kiarabu: yaliingia kwa mlango gani, na yalibadilika vipi njiani. Nimekulia Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, katika nyumba ya Wanubi. Nyumbani lugha yetu ni Kinubi, iliyozaliwa katika Kiarabu cha askari waliotoka Sudan karne ya 19, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ukivuka ua. Basi nikiulizwa kwa nini watu wameipenda riwaya hii kwa miaka 60, wakairudia na kuwarithisha watoto wao, jibu langu linatoka kwenye kazi yangu. Wanaipenda kama mtu anavyoipenda lugha aliyojifunza mwenyewe, bila mwalimu.

Fungua ile sherehe ya maneno mwishoni mwa kitabu. Utakuta Mihna: majira ya kuwapima vijana wa Fremen, watu wa jangwani, wanaotaka kuhesabiwa kuwa watu wazima. Mzizi wake ndio uliotupa sisi mtihani, na mwanafunzi wangu anayengoja mtihani wa taifa hahitaji kuelezwa uzito wake. Muad'Dib, jina analojichagulia kijana Paul, ni la kipanya cha jangwani kinachojua kuishi bila maji, na Fremen hukiita kipanya hicho mfunza wavulana. Msomaji wa Kiingereza anapewa habari hiyo mkononi. Sisi tunayo adabu, tunacho kitenzi kuadibu, tumeshaifahamu maana kabla ya kuelezwa. Lisan al-Gaib, jina la nabii anayengojwa na Fremen: lisani ni ulimi, ghaibu ni yasiyoonekana. Fedaykin, wale askari waliojitoa kufa kwa ajili ya Paul, ndani ya jina lao imelala fidia. Na katika Alam al-Mithal, ulimwengu na mithali wamekaa bega kwa bega kama ndugu waliopotezana.

Lakini maneno ninayoyapenda zaidi ni yale ambayo Herbert anaonekana kuyakosea. Baraka, kwake, ni mtu mtakatifu aliye hai, mwenye nguvu za ajabu. Adab ni kumbukumbu inayokujia yenyewe na kukudai. Kila mwaka darasani kuna anayenyanyua mkono kusema mwandishi hakuuliza watu. Nami kila mwaka nashikilia kwamba hapo ndipo alipopatia. Hadithi yake iko maelfu ya miaka mbele yetu. Neno gani litakaa mahali pake muda wote huo? Safari kwetu ni mwendo wowote, hata wa kwenda sokoni. Wazungu wakaichukua, sasa huko kwenye hifadhi ya wanyama ya Murchison mtalii akisema safari ana maana ya kutazama simba na twiga. Hata sherehe niliyoitaja hapo juu: kwa wachapishaji wa zamani ni ufafanuzi wa maneno, kwa mtu wa mtaani ni pilau na muziki. Na Kinubi chetu kinayaita maji moyo. Mtoto wa Kinubi akitumwa moyo, anachukua jerikeni.

Waandishi wengi wa riwaya za kisayansi hubuni chombo kipya na kukipa jina jipya kabisa. Herbert aliyachukua maneno yenye umri akayaacha yaendelee kuzeeka, na hakusimama kila mara kukueleza. Mara ya kwanza unasoma ukipapasa, kama mgeni aliyeshuka stendi ya basi katika mji asioujua lugha yake. Mara ya pili unatambua sauti. Mara ya tatu kuna neno ulilolipita mara mbili, na leo linakusimamisha. Nimekisoma mara saba na bado linatokea. Hii ndiyo sababu filamu, hata zile za 2021 na 2024 ambazo vijana wa Kampala walizishangilia, hazikukipokonya kitabu wasomaji wake. Filamu inakuonyesha mchanga. Inakuwa vigumu kuonyesha neno likizeeka.

Chanzo cha kitabu kilikuwa nyasi. Mwaka 1957 Herbert alikwenda Florence, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuandika makala kuhusu wataalamu waliokuwa wakiotesha nyasi ili kuyazuia machuguu ya mchanga yasifunike barabara na nyumba. Makala haikutoka. Mchanga ulimkaa kichwani. Hadithi ikaanza kuchapishwa kwa sehemu katika jarida la Analog kuanzia Desemba 1963 hadi 1965, kisha ikazunguka kwa wachapishaji takriban 20 na wote wakaikataa. Aliyeikubali mwishowe ni Chilton wa Philadelphia, nyumba iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari, vile ambavyo ungetarajia kuviona kwa mafundi wa magari wa soko la Kisekka, Kampala, vikiwa na alama za vidole vya grisi. Mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo ya Nebula ya riwaya bora ya kisayansi, ya kwanza kabisa kutolewa, na kikagawana tuzo ya Hugo na riwaya nyingine. Herbert alikitunuku kwa wanaikolojia wa nchi kavu, popote walipo na katika zama zozote wanazofanya kazi.

Naijua sura inayowafanya watu wa nchi kavu wakione kitabu hiki ni chao. Stilgar, kiongozi wa Fremen, anaingia kwenye kikao cha Mtawala Leto, baba yake Paul, anainama na kutema mate mezani. Walinzi wanainuka kwa hasira. Duncan Idaho, askari wa Leto ambaye ameishi na Fremen, anawazuia na kumshukuru mgeni kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Msomaji mwenzangu aliyekulia Kotido, kule Karamoja, aliniambia aliisoma sehemu hiyo usiku, akaamka kumsomea mkewe. Utotoni alichimba mchanga wa mto uliokauka, akingoja maji yajikusanye shimoni kidogo kidogo, kibuyu kwa kibuyu. Yeye hakuona chochote cha kufafanua.

Kuna mahali kitabu kinaniuma. Theluthi ya mwisho inakimbia. Mtoto wa kwanza wa Paul na Chani, mpenzi wake wa Fremen, anauawa, na habari yake inapita kwa mistari michache, kama vile mwandishi aliona haya kusimama. Mtoto huyo alistahili kurasa. Pia nabishana na wanaompenda Paul kama mkombozi. Kynes, mtaalamu wa ikolojia wa sayari hiyo, akifa peke yake jangwani, anaisikia sauti ya marehemu baba yake ikimwambia kwamba hakuna balaa kubwa linaloweza kuwapata watu wake kuliko kuangukia mikononi mwa shujaa. Sentensi hiyo iko katikati ya kitabu, wazi kama kibao cha barabarani, na watu wanaipita. Herbert aliandika kitabu cha pili, kilichotoka 1969, kikionyesha mauaji yaliyofanywa kwa jina la Paul, na wako wasomaji waliochukizwa kunyang'anywa shujaa wao. Mimi naona alikuwa mkweli kwa alichokipanda tangu mwanzo.

Mwaka jana nilimsimulia mama yangu, pale Bombo, habari za Jamis. Hasomi Kiingereza, nami nilitaka kujua kama hadithi inasimama bila kitabu. Nikamwambia: Paul analazimishwa kupigana na Jamis, mmoja wa Fremen, anamuua mtu kwa mara ya kwanza maishani. Kwa desturi yao maji ya maiti hayapotei, yanakamuliwa na kupimwa, na ni haki ya aliyeshinda. Jamis alitoa lita 33 na ushei. Mama akatulia akipiga hesabu. Jerikeni moja, na zaidi ya nusu ya pili.

"Na nani anayabeba?"

Nikamweleza kwamba kabila ndilo linalobeba, wanayamimina kwenye hodhi kubwa lililofichwa chini ya ardhi, ambamo wamekusanya maji ya kuigeuza sayari yao iwe ya kijani, na hata mwenye kiu hayagusi. Paul mwenyewe anapewa pete za chuma zinazoshuhudia kiasi anachomiliki. Nikamwambia pia kwamba kabla ya hapo, kwenye mazishi, Paul alilia, na Fremen wakanong'onezana kwa mshangao kwamba anampa maiti maji.

Mama alikuwa akichagua mchele. Aliendelea kidogo, halafu akasema, "Pete amepata. Na moyo?"

Nyumbani kwetu lugha hizi mbili huchanganyika ndani ya sentensi moja. Mpaka leo sijui neno lile la mwisho alilisema kwa lugha ipi.