Fedha ya Shirikisho la Akaya: sarafu moja, alama za miji mingi

Nusu drakma ya Shirikisho la Akaya, muungano wa miji ya Ugiriki ya kale katika rasi ya Peloponnese, ni kisarafu cha fedha, nusu ya drakma, sarafu ya kawaida ya Wagiriki, chenye upana unaokaribia ukucha wa kidole gumba, na uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 2.5. Upande mmoja una kichwa cha Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, aliyevikwa taji la majani. Upande wa pili, ndani ya shada, herufi mbili za Kigiriki, alfa na khi, zimeshikanishwa kuwa alama moja: ndizo herufi za kwanza za jina la Waakaya. Anayezitazama haraka ataona sarafu zote ni sawa. Namwomba atazame tena, kandokando ya herufi hizo.

Hapo ndipo kila mji ulipojitambulisha. Korintho uliweka Pegasus, farasi mwenye mabawa, Argos, kichwa cha mbwa mwitu, Dyme, samaki, Megalopolis, filimbi ya mungu Pan. Miji ilifua fedha yake yenyewe kwa sura na uzito waliokubaliana. Kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili na kugongwa kwa nyundo, ndiyo maana picha nyingi zimekaa upande na alama ya mji mara nyingine imekatika.

Shirikisho lenyewe lilifufuliwa karibu mwaka 280 K.K. na miji minne tu: Dyme, Patrai, Tritaia na Pharai. Mwaka 251 K.K. kiongozi aitwaye Aratus aliuingiza mji wake wa Sikyon, na mwaka 243 K.K. akaitoa Korintho mikononi mwa Wamakedonia. Hata Sparta iliingizwa, mwaka 192 K.K. Polybius, mwanahistoria mzaliwa wa Megalopolis, aliandika kwamba watu wa Peloponnese walitumia sheria, mizani, vipimo na sarafu zilezile, na kwamba kilichokosekana ili rasi nzima iwe mji mmoja ni ukuta wa kuizunguka. Baba yake aliwahi kuliongoza shirikisho, kwa hiyo sifa hizo hazishangazi. Mimi naziamini sarafu zaidi: zinathibitisha umoja huo, na papo hapo zinaonyesha kwamba hakuna mji uliokubali kufutwa.

Jirani zao wa Aetolia, shirikisho jingine la Wagiriki, walipendelea kuonyesha ushindi kwenye fedha yao. Kwenye sarafu zao za thamani ya drakma nne, Aetolia imechorwa kama mwanamke aliyeketi juu ya rundo la ngao, ukumbusho wa Wagali, wavamizi wa Kiselti, waliofukuzwa Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki, mwaka 279 K.K.

Zamani ilidhaniwa kwamba fedha ya Akaya ilikoma mwaka 146 K.K., Warumi chini ya Lucius Mummius walipoiangamiza Korintho. Siku hizi watafiti wengi wanaona kwamba nusu drakma nyingi zilifuliwa baada ya hapo. Sarafu hizi hazina mwaka; umri wake tunaukadiria kwa kuangalia zilifukiwa pamoja na nini. Katika hazina iliyopatikana Agrinion, magharibi mwa Ugiriki, mwaka 1959, fedha ya Akaya ilikuwa pamoja na ya Athens na dinari za Roma, na dinari nyingi zina majina ya maofisa waliozitoa, yanayotusaidia kuzipanga kwa miaka. Hazina ikichimbwa kwa siri na kuuzwa moja moja, ushahidi huo umekwisha. Kwa hiyo ukikuta sarafu za kale ardhini, usizitenganishe wala kuzisugua. Ziache zilivyo na uwaarifu wahusika wa mambo ya kale.