Kuongoza korali ni kufanya nini hasa? Yote yanaanzia kwenye leve

Watu wengi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukitoka Ibanda mpaka Kadutu mpaka Bagira, wanaona maestro amesimama mbele ya korali siku ya dominika wanafikiri kazi yake njo kupunga mikono ipendeze, ju waimbaji si wanajua wimbo tayari, na kweli wanaujua, wametoka kwenye repetisyo, yaani mazoezi. Lakini kuongoza ni kitu kingine kabisa. Ni kuwaambia watu wengi kwa wakati mmoja, kwa mkono na uso na pumzi, kitu ambacho bado hakijafika. Kama mkono wako unashuka pamoja na sauti yao, wewe unawafuata tu. Motari mzuri, yule dereva wa pikipiki, anaonyesha kwanza ndipo anakata kona, na maestro ni vilevile.

Ile ishara inayotangulia, maestro wengi wanaiita leve. Ni pigo moja la kimya kabla wimbo haujaanza. Tuchukue wimbo wa mapigo manne, 4/4, unaoanza kwa pigo la kwanza: pigo lililo mbele ya la kwanza ni la nne, si ndiyo, basi unainua mkono kama vile unapiga la nne, na wakati unainua wewe mwenyewe unavuta pumzi kwa mdomo, waone kabisa, nao watavuta pamoja na wewe, kisha mkono unashuka na wote wanaingia. Muda wa kuinua mkono njo mwendo wa wimbo. Ukubwa wa ile ishara njo ukubwa wa sauti, ukitaka waanze kwa sauti ndogo toa leve ndogo, usiwatupie mkono mpaka juu ya kichwa halafu ukasirike kwamba wamepaza. Na ukiinua polepole halafu ukashusha haraka, soprano, wale wa sauti ya juu, watashika mwendo wa kwanza, na wale wa basi, sauti nzito ya chini, watashika wa pili, na mezure mbili nzima, yaani mafungu mawili ya mapigo, zitapotea mukitafutana.

Wimbo ukianza kwa pigo la nne, leve inakuwa la tatu, yaani mkono unatoka nje, pumzi, halafu juu wanaingia. Wengi hapa wanaokolewa na kuhesabu kwa mdomo "moja, mbili, tatu". Kwa repetisyo hakuna shida, lakini kwenye misa haipendezi.

Michoro ya mkono wa kuume utaijua haraka: 2/4 ni chini, juu, 3/4 ni chini, nje, juu, 4/4 ni chini, ndani, nje, juu. Zile nyimbo zetu za 6/8 za kuchezesha mabega usizipige sita, piga mbili tu, chini na juu, kila pigo linabeba noti tatu ndogo. Mkono wa kushoto usiuache kuigaiga wa kuume muda wote. Kazi yake ni kuinua sauti, kuishusha, na kuwaita wanaoingia. Tenore wanaingia mezure ya tano? Waangalie kwenye ya nne, macho kwanza, mkono baadaye.

Sasa kuna jambo la Kiswahili chenyewe ambalo vitabu vya Kifaransa havitakwambia. Neno "Mtakatifu" linaanza na M ambayo ni silabi kamili, mara nyingi ina noti yake, kwa hiyo waimbaji wanapaswa kuivumisha juu ya noti ile, wasiimeze wakakimbilia "ta". Leve yako ionyeshe ile M, midomo yako iwe imefungwa tayari pale mkono unapofika chini. Kumaliza nako kuna tofauti. Kwa Kilatini neno hilohilo, "Sanctus", linaisha kwa s, na usipoikata vizuri utasikia s, s, s, kila mtu na yake. Kiswahili kinaisha kwa vokali, hakuna s ya kukusaliti, lakini ile "u" ya mwisho inaweza kujivuta kwa alto mmoja wakati wengine wamenyamaza. Kukata pia kunataka leve yake ndogo, kamzunguko kadogo ka mkono, ndipo unafunga.

Zamani Ulaya walikuwa wanapiga mezure kwa kelele. Jean-Baptiste Lully, mwanamuziki wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliongoza kwa fimbo ndefu ya kugonga sakafu, mwaka 1687 akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa mwaka huohuo. Ile fimbo fupi ya mkononi, isiyogonga kitu, ilienea karne ya 19. Kwa korali mikono mitupu inatosha.

Na msingoje konservatwari, ile shule ya muziki, jamani. Kule Kinshasa Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha orkesta ya simfoni ya kanisa la Wakimbangu mwaka 1994, vyombo vilikuwa vichache, watu wakipokezana.

Kama kuna ngoma au batri, yaani seti ya ngoma, leve toa kwa mpiga ngoma kwanza, mkiwa mumekubaliana mwendo mapema, ju waimbaji watamfuata yeye hata ufanye nini. Umeme ukikatika na kinanda kikanyamaza, uwe na diapazoni, kale kachuma kanakotoa noti inayoitwa "la", mitetemo 440 kwa sekunde, uwape noti kuanzia basi kupanda mpaka soprano kwa sauti ya chini.

Kujizoeza mbele ya kioo na wimbo wa kwenye simu kunasaidia mkono kujua michoro tu, maana simu haikusikilizi, itaendelea na mwendo wake. Afadhali uite marafiki wawili, waimbe wimbo wanaoujua, uwaambie wafuate mkono peke yake, halafu katikati ongeza mwendo bila kusema kitu. Wakibaki nyuma usiwagombeze, rudia pale pale, toa pigo linalotangulia waziwazi zaidi, na pumzi yake.