Mvua za kwanza Tabora: yanayosemwa na yanayoonekana shambani

Wifi yangu anayeishi Temeke alikuja kututembelea Novemba iliyopita. Tuko kusini mwa Tabora mjini, ukielekea Sikonge, kwenye shamba la familia ambalo mume wangu alirithi kwa baba yake. Siku ya kwanza alisimama uani, akatazama mahali palivyoanza kuwa kijani, akashusha pumzi: "Wifi, nyie mnaishi peponi. Hamnunui kitu, mnakula mnachotaka." Nilicheka tu, maana asubuhi ile nilikuwa nimetoka kupima mahindi yaliyobaki ghalani.

Tangu hapo nimekuwa nikiyakusanya maneno ya namna hiyo. Mengine husemwa na wageni, mengine tunayasema wenyewe huku huku, na nadhani hayo ya kwetu ndiyo yenye madhara zaidi.

"Mvua ikinyesha ndipo pori huchipua"

Hata watoto wetu waliandika hivyo shuleni. Lakini pita barabarani mwishoni mwa Septemba, vumbi likiwa limejaa mpaka kwenye kope na hakuna mvua ya maana tangu Mei. Utakuta mitundu na myombo imeshavaa majani mapya, mekundu kama kutu, mengine yakikaribia zambarau. Miti hii hutangulia mvua kwa wiki kadhaa. Inatumia maji iliyojiwekea shinani na yale yanayofikiwa na mizizi chini kabisa. Wekundu ule hulikinga jani changa na jua kali. Likikomaa linageuka kijani.

Kwetu hiyo ndiyo kengele. Paa la jiko linazibwa, matuta ya mwaka jana yanapasuliwa, mbegu zinashushwa kutoka juu ya moshi. Mama mkwe wangu hahitaji kalenda. "Pori limeshavaa, nyie bado mko uchi," anasema, na siku hiyo hakuna anayekaa.

"Kifuku ni msimu wa shibe"

Huku masika tunaita kifuku, na mvua zake ni za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mgeni akiona kijani anadhani chakula kimefika. Kumbe kijani kile ni majani. Mahindi mabichi ya kwanza hatuyaoni kabla ya mwisho wa Februari, pengine Machi, na mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili ndiyo miezi ambayo kihenge kinatoa mwangwi ukikigonga.

Hesabu yangu ni hii. Tuko watu saba, tunakula debe moja la mahindi kwa wiki. Kuanzia Desemba mosi mpaka katikati ya Machi ni wiki 15, kwa hiyo debe 15, ambazo ni gunia mbili na nusu. Wifi alipofika tulikuwa na gunia mbili. Lile pengo la debe tatu ndilo linaloamua kama tutauza mbuzi au la, na ndilo linalonifanya nisipike ugali mchana na usiku.

Linazibwa na nini? Viazi. Julai na Agosti, jua likiwa kali na hewa kavu, tunakausha viazi vitamu kwa njia mbili. Michembe hukatwa vikiwa vibichi, vinaanikwa juu ya mwamba. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vinakatwa na kuanikwa mpaka viwe vigumu vya kuvunja jino. Wifi aliyaita "chakula cha njaa". Siku ya tatu nikamkuta stoo ameshika bakuli la matobolwa na karanga, anatafuna peke yake gizani. Sikumuuliza kitu.

"Mvua ya kwanza ikipiga, panda"

Hili lilinigharimu. Mwaka wetu wa pili hapa, mvua ilishuka mapema Novemba, kubwa, mpaka vyura wakalia. Tukapanda ekari nzima kwa siku mbili, mbegu ya kununua. Mahindi yakatoka, yakafika vidole vinne, kisha mbingu ikafunga wiki mbili na zaidi. Yakasokotana kama sigara, yakafa. Tukanunua mbegu tena kwa mkopo wa jirani.

Siku hizi sipandi kwa kelele za bati. Nachimba. Baada ya mvua nashika jembe, natoboa tuta, naingiza mkono mpaka juu kidogo ya kifundo. Udongo wa huku ni wa kichanga. Ukiufinyanga kiganjani ukashikamana, hata ule wa chini kabisa, unyevu umeingia. Ukimwagika kama unga, mvua imelowesha ngozi tu. Naacha. Jirani yangu mmoja hupanda sehemu ndogo katika ukavu kabla ya mvua, kwa makusudi, na nyingine baada ya mvua ya pili au ya tatu. Si mjinga: hajaweka mayai yote katika kikapu kimoja, na mikono yake miwili haiwezi kulima kila kitu katika wiki ile ile.

Waliokuja na nguvu kuliko sisi nao waliteleza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, kwa matrekta na fedha nyingi. Mvua na udongo havikufuata karatasi zao, na mwaka 1951 mpango uliachwa. Wazee wa Urambo bado hulitumia kama tusi la utani: ukipanga mambo makubwa bila kuuliza mwenyeji, utaambiwa unalima karanga za Mwingereza.

"Matuta ni ushamba, lima sesa"

Sesa ni kulima bapa, bila matuta. Kwa ufupi: hapana. Tunapopasua tuta la zamani tunafukia nyasi na mabua katikati ya tuta jipya, zikaoza humo. Kwenye mchanga usio na rutuba ya kutosha, hiyo ndiyo mbolea ya mtu asiye na ng'ombe.

"Uyoga ulioliwa na konokono hauna sumu"

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa watu hufa.

Desemba ikifika, mama mkwe anaingia porini alfajiri na ungo, nyuma yake binti zangu wawili. Wanarudi na uyoga wa rangi ya chungwa unaoota chini ya miti, na ule mkubwa mweupe wa kwenye kichuguu, ambao mmoja tu unaweza kujaza sufuria. Tunaupika kwa karanga za kutwanga. Nyama inaweza kusubiri.

Na kila mwaka nasikia vipimo vile vile. Weka kitunguu ndani ya chungu, kikibadilika rangi, uyoga una sumu. Tumbukiza sarafu. Ulioliwa na konokono au funza ni salama. Chemsha na chumvi, mwaga maji, sumu imeondoka. Vyote havifai. Konokono anaweza kula bila kudhurika kile kinachomuua binadamu. Sumu ya ule uyoga hatari zaidi wa jamii ya Amanita haivunjwi na moto, na haibadilishi rangi ya kitunguu wala ya sarafu. Jamii hiyo hiyo ina pia uyoga unaolika katika mapori yetu, ndiyo maana kufanana kunaponza.

Ubaya wake mwingine ni kuchelewa. Mtu anaweza kula usiku, akaamka mzima, tumbo likaanza kuvuruga baada ya saa sita, kumi na mbili, au hata zaidi. Anatapika, anaharisha, kisha anapata nafuu ya siku moja. Familia inashukuru Mungu. Wakati huo ini linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitali hata kama anasema amepona, na mabaki ya uyoga yachukuliwe naye.

Mama mkwe ana kipimo kimoja tu: anaujua au haujui. Binti yangu mkubwa alimletea mmoja mweupe mzuri, umenyooka kama mwavuli mpya. Bibi akaugeuza, akatazama chini ya kofia, akafukua kishina mpaka kitako chake kwenye udongo, akaunusa. Akautupa. "Bibi, mbona unafanana na wa jana?" "Ndiyo maana nimeutupa, mjukuu wangu."

"Mchwa ni adui, piga dawa kichuguu"

Mchwa wanakula nguzo za nyumba, sibishi, tumebadilisha mbili. Lakini uyoga ule mkubwa wa kichuguuni hauoti bila wao. Mchwa hao hulima kuvu ndani ya kichuguu, wanakilisha majani makavu waliyoyabeba na kukila kama sisi tunavyokula shamba letu, na uyoga tunaochuma ni kuvu hicho hicho kimetoka nje kupumua. Ua kichuguu, umeua na uyoga. Umeua na kumbikumbi pia, ambao jioni ya mvua ya kwanza watoto wanawategea taa juu ya beseni la maji. Ule wa rangi ya chungwa nao umefungamana na mizizi ya miti. Ukikata mtundu kwa mkaa au kwa kukaushia tumbaku, mahali pale hutachuma tena.

"Asali halisi haigandi"

Tabora nzima inajulikana kwa asali, na bado mteja wa mjini anarudisha dumu kwa sababu imeganda. "Mmetia sukari." Dada yangu, asali ni sukari. Ina glukosi na fruktosi, na ile yenye glukosi nyingi huganda mapema, hasa siku za baridi. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Usiichemshe jikoni, utafukuza harufu ya maua yote.

Kuna kile kipimo cha kuchovya njiti ya kiberiti: ikiwaka, asali ni safi. Njiti iliyochovywa kwenye sharubati nzito ya sukari nayo inaweza kuwaka. Na sisimizi wanakula asali halisi. Waulize wa jikoni kwangu. Ninachoangalia mimi ni masega: nyuki wakishayaziba kwa nta, maji yamepungua na asali imeiva. Ya masega wazi ni maji maji na huchachuka ikikaa. Jambo moja zaidi, kwa kina mama: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali, hata iwe safi namna gani. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

"Anayejitegemea hanunui"

Wifi alishangaa kukuta duka langu dogo la ndani: chumvi, sabuni, kiberiti, madaftari, betri, mbegu, panadol. Alidhani tunadanganya. Lakini ni lini mtu wa huku aliishi bila kununua? Chumvi ya Uvinza, inayotoka kwenye chemchemi za maji chumvi upande wa Kigoma, imekuwa ikichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na watu waliifuata kutoka mbali. Majembe ya chuma yalipita mikono mingi kabla ya kufika shambani. Na katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga. Watu hao walilima chakula chao na bado walikuwa wafanyabiashara wa kutisha. Mimi nauza asali na karanga, nanunua chumvi.

"Kuku wa kienyeji haugui"

Anaugua, na akiugua mdondo anaondoka na ukoo wake. Kwetu hupiga sana mwisho wa kiangazi, mvua zikikaribia. Mwaka mmoja tulizika kuku 23 kwa siku tano, na majirani wakasema ni upepo. Kinga ni chanjo ya matone, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuku wazima tu.

Tunafanya saa kumi na moja alfajiri, kabla hawajafunguliwa. Mume wangu anashika mabawa, mimi nadondosha na kusubiri kuku apepese jicho, mwanangu wa kiume anahesabu kwa sauti. Wifi alishika tochi. Walifika 41, jogoo mmoja akamparua mkononi. Tarehe ya chanjo inayofuata mtoto ameiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa banda: Februari, wiki ya pili.