Je, wajua? Ukitafuta netiweki unatafuta wavu

Umepanda kichuguu, simu umeinyanyua juu ya kichwa, unalalamika netiweki haisomi. Kumbe unachokitafuta huko juu ni wavu.

Neno la Kiingereza "network" limeunganishwa kutokana na mawili: "net", yaani wavu, na "work". Hiyo "work" si ile ya kuamkia asubuhi. Ni kazi kwa maana tunayoitumia tukisimama mbele ya mlango wa nakshi na kuuliza, "Hii kazi ya fundi gani?" Basi mwanzoni "network" ilikuwa kitu chochote kilichosukwa mfano wa wavu, kwa uzi au kwa chuma. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia kwenye Kutoka 27:4, kueleza wavu wa shaba wa madhabahu. Samuel Johnson naye alilitia katika kamusi yake ya 1755, ila kwa maelezo mazito kiasi kwamba msomaji angehitaji kamusi ya pili kuyaelewa.

Karne ya 19 neno likatoka kwenye uzi. Watu walitazama ramani za mifereji na reli, wakaona mistari inayokutana na kuachana, wakasema huu nao ni wavu. Baadaye zikafuata redio, kisha kompyuta.

Na kwa kompyuta ufananisho ulikaa barabara. Mwaka 1964, Mmarekani Paul Baran alichapisha maelezo ya mawasiliano yasiyotegemea kituo kimoja. Mchoro wake unafanana kabisa na jarife: mafundo mengi, kila fundo limeshikana na majirani zake. Kata uzi mmoja, ujumbe unazunguka kwa fundo jingine. Mvuvi yeyote anajua kwamba tundu moja haliufanyi wavu wote ufumuke.

Sisi tukasema mtandao, kutokana na kutanda: wingu limetanda, buibui katanda utando wake. Wavu hausikiki humo, na wengine hudhani tumeachana kabisa na Waingereza. Lakini nenda pwani maji yakitoka. Utawakuta akina mama ndani ya maji, wawili wawili, wameshika ncha za nguo na kuikokota taratibu. Waulize wanafanya nini. Watakwambia wanatanda uduvi.