Kwa nini betri ya simu haipendi kukaa imejaa?

Mwezi Februari, jua la Dar likiwa la utosini, nilimsindikiza mdogo wangu kwa fundi simu. Kioo cha simu yake kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja, hata ukucha ungepita. Fundi akapitisha kipande chembamba cha plastiki pembeni, taratibu, akaufungua mgongo. Betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Kaka, wewe ni bodaboda?" akauliza kabla hajaambiwa lolote. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. "Nilijua. Wenzako wote wananiletea ugonjwa huu huu."

Simu ya mdogo wangu hushinda kwenye usukani wa pikipiki. Ramani imewashwa, jua linaipiga, na waya wa chaja umechomekwa tangu asubuhi mpaka jioni, asilimia 100 muda wote. Yeye aliamini anaitunza, maana haachi chaji ishuke. Mama yetu ana imani iliyo kinyume kabisa: hachomeki chaja mpaka simu izime yenyewe, kisha anaijaza mpaka pomoni.

Imani ya mama ina asili yake. Betri za simu za mkononi za zamani zilikuwa za nikeli na kadimiamu. Hizo ukizichaji mara kwa mara kabla hazijaisha, zilianza kutoa nguvu pungufu, kana kwamba zimekariri kiasi kile kidogo ulichozoea kutumia. Ndiyo maana muuza simu alikusisitizia uchaji saa nane nzima kabla ya kuwasha, na uiache iishe kabisa ndipo uchaji tena. Kwa betri zile ushauri ulikuwa na msingi. Betri ya leo ni ya ioni za lithiamu (chembe ndogo mno za metali hiyo zenye chaji ya umeme), iliyoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na wanasayansi watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Tabia zake ni nyingine kabisa.

Ndani yake mna pande mbili. Upande mmoja ni grafiti, kaboni kama ile ya penseli. Upande wa pili, katika simu nyingi, ni oksidi, yaani kemikali yenye oksijeni, pamoja na lithiamu na kobalti; kobalti hiyo kwa sehemu kubwa huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi. Katikati kuna kimiminika kiitwacho elektroliti. Ukichaji, ioni za lithiamu hutoka kwenye oksidi, huogelea kupita kwenye kimiminika na kwenda kujipanga katikati ya matabaka ya grafiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Ni kama daladala: abiria wa kwanza wanakaa bila taabu, wa mwisho lazima wasukumane. Kwa hiyo simu hupanda haraka kutoka 20 hadi 70, kisha hujikokota ikikaribia 100, kwa sababu saketi ya chaja hupunguza umeme kidogo kidogo.

Betri ikijaa, volti zake hufika kama 4.2 au zaidi kidogo. Hapo ule upande wa oksidi umenyang'anywa lithiamu nyingi na una njaa kali ya kemikali. Unaanza kukitafuna kimiminika. Kwenye grafiti nako utando mwembamba unaendelea kunenepa, na kila unaponenepa unanasa lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Uwezo uliopotea namna hiyo haurudishwi na chaja yoyote, hata iwe ya bei gani.

Sasa ongeza joto. Mimenyuko ya kemikali huenda kasi zaidi panapokuwa na joto, na kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka huweza kuzidisha kasi hiyo maradufu. Apple huonya kwamba mazingira yenye joto la zaidi ya nyuzi 35 yanaweza kuipunguzia betri uwezo moja kwa moja. Usukani wa pikipiki wenye jua la mchana unapita hapo bila shida. Kimiminika kikiharibika hutoa gesi, gesi haina pa kutokea, na pakiti inavimba. Joto peke yake ni baya, kujaa peke yake kuna gharama yake. Vikikutana kutwa nzima ndipo unapopata lile andazi.

Na kuchaji usiku kucha? Simu haijazwi kupita kiasi, saketi yake hukata umeme. Tatizo ni kulala imejaa kwa muda wa saa sita, tena chini ya mto. Iweke mezani. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Wala usihofu kuchomeka mara kwa mara, kwa sababu mzunguko mmoja huhesabiwa jumla ya chaji ikifika 100: ukiongeza 20 mara tano, ni mmoja tu. Betri nyingi hutengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, baadhi ya mpya 1,000.

Simu ya akiba ya mama, iliyokaa droo miezi mingi ikiwa imezima kwa kuisha chaji, haikuamka tena. Ikiwa unaiweka simu muda mrefu, iache na kama nusu.

Fundi aliiweka betri iliyovimba kwenye kopo la mchanga nje ya kibanda, mbali na kila kitu, maana ikitobolewa inaweza kuwaka. Mdogo wangu akalipia nyingine. Siku hizi akifika kijiweni anachomoa waya, anaitoa simu usukanini na kuiweka kivulini mpaka abiria wa pili aite.