MS hairithiwi kama shamba

Multipo sklerosisi, ambayo wengi huiita MS tu, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia ala ya mafuta inayofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo, ikaacha makovu magumu hapa na pale. Utafiti wa vinasaba vyake hutafuta tofauti za kijeni zinazomweka mtu mmoja karibu na ugonjwa huo kuliko mwenzake. Maana ni hiyo.

Kinachopotosha ni neno "kurithi". Kila matokeo mapya yakitangazwa, utasikia "jeni ya MS imepatikana", na hapohapo "kumbe ni ya kurithi". Neno hili asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake ni mrithi, urithi na mirathi. Ni neno la kugawana mali ya marehemu, na huko unachopewa unakipokea kizima: shamba ni shamba. Kwa selimundu picha hiyo inakaa sawa. Jeni ni moja, ya himoglobini. Mtoto akipata nakala yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama, anaugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu yenye kasoro, kila mimba ina uwezekano wa 25%. Tumeizoea hesabu hiyo, tukaibebesha MS.

Tazama mapacha wa kufanana. Vinasaba vyao ni vilevile, lakini mmoja akiwa na MS, mwenzake huipata katika takriban jozi 1 tu kati ya 4.

Watafiti wanachofanya hasa ni kuhesabu. Husoma herufi za vinasaba, yaani vipande vya kikemikali vinavyoviunda, katika sehemu zilezile, kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa, kisha huangalia ni herufi ipi imezidi upande wa wagonjwa. Uchambuzi uliochapishwa 2019, wa wagonjwa 47,429 na wasio wagonjwa 68,374, ulipata sehemu 233 zenye tofauti hiyo. Nyingi humsukuma mtu kidogo sana kuelekea ugonjwa. Yenye nguvu kuliko zote ni aina ya jeni ya kinga iitwayo HLA-DRB1*15:01, kwenye kromosomu ya 6. Kazi yake ni kutengeneza kishikio kinachoshika vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli za kinga. Huongeza hatari kama mara 3, lakini Ulaya ya kaskazini takriban mtu 1 kati ya 4 anayo, na walio wengi kabisa kati yao hawaugui MS hadi wanazeeka. Wapo pia wagonjwa wengi wasio nayo. Kipimo kikisema unayo, hakijakupima ugonjwa.

Halafu kuna virusi vya Epstein-Barr, ambavyo huambukiza watu wengi sana: utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani, 2022, ulikuta hatari ya MS inapanda mara 32 baada ya maambukizi. Hivyo havitoki kwa wazazi kupitia jeni.

Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa kupata MS wa kama 2 kati ya 100. Kwa hiyo ukitaka kusema "amerithi MS", sema "amerithi uelekeo wa MS". Na "jeni ya MS" iwe "jeni zinazochangia MS".