Hofu inayoingia kwa bando

Mama mmoja alinijia kliniki hapa Mtwara akilalamikia presha. Tukapima, iko sawa. Nikamuuliza usiku analalaje. Akacheka kidogo: "Silali mwanangu, naangalia simu." Ana ndugu ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, na tangu mji wa Palma wa huko uliposhambuliwa Machi 2021, kila klipu inayoingia kwenye grupu la ukoo anaifungua, hata saa nane za usiku. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.)

Mimi ni mnasihi, na sikumshangaa. Wamakonde wako pande zote mbili za mto. Ukimwambia mtu wa huku "achana na habari", yeye anasikia "achana na ndugu zako".

Shida iko mwilini. Jicho likiona watu wanakimbia risasi, ubongo hausubiri kuuliza kama ni hapa uani au ni kwenye kioo cha simu. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, tumbo linakaza. Ukikutana na tembo shambani utakimbia, na ile nguvu itaishia miguuni. Kitandani hukimbii popote; unafungua klipu nyingine. Mambo yakiendelea hivyo majuma kadhaa, usingizi unakatika, hasira zinakaa karibu. Wengine wanakufa ganzi: wanaona maiti wasihisi kitu, halafu wanajiona wana roho mbaya. Hawana. Wamechoka.

Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti wa Marekani waligundua kuwa waliofuatilia habari zake saa sita au zaidi kwa siku katika wiki ile walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwapo penyewe. Niliposoma hayo nilikumbuka Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Jirani yangu mvuvi alisikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, akavuta mtumbwi juu, akakaza mabati, akalala. Mimi na vyeti vyangu nilikesha natazama maji yakibomoa nyumba, na kumbe klipu mbili zilikuwa za Beira, Msumbiji, za kimbunga cha 2019!

Siku hizi nauliza swali moja: habari hii inanipa kazi gani? Tahadhari ya kimbunga ina kazi. Barabara kukatika Somanga ina kazi, kama una safari ya Dar. Video ya maiti haina.

Kwa yule mama, tulizima video zisijipakue zenyewe WhatsApp (bando nalo likapona). Akamchagua mpwa wake aliye kulekule, awe anampigia mara moja kwa siku, baada ya alasiri. Simu inalala sebuleni. Moyo ukianza mbio, anavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita. Ni ile ya kutoka inayoutuliza moyo. Ila mtu akimaliza wiki mbili halali vizuri wala hana hamu ya chochote, aje hospitali. Anayewaza kujidhuru asingoje hata kesho, na asije peke yake.

Mwezi uliofuata mama alirudi. Usingizi umekuja, ila mpwa anamchosha: kila akimpigia amuulize hali ya huko, yeye anataka kujua korosho huku zinauzwaje.